Kipande cha Winrose

Kama umewahi kwenda arusi Nkubu, basi umecheza kwa mdundo wa kinanda cha Bundi, hata kama hukumwona mwenyewe. Siku za kazi ni fundi wa kushona. Jumapili ndiye mpiga kinanda wa kanisa. Kila wimbo anaupiga kwa ufunguo uleule wa sauti aliofundishwa ujanani. Kwaya ikitaka kupandisha sauti, anabonyeza kitufe na kinanda kinapanda chenyewe, vidole vyake havihami. Halafu anawasha ngoma zilizomo humo ndani, na akina mama wanaanza kurusha mabega. Nani angemlaumu?

Basi Winrose, bintiye wa pekee, akamletea balaa. Alikuwa anaolewa na Gedion, mwalimu kutoka Kanja, na alitaka kuingia kanisani kwa kipande cha piano alichokisikia chuoni. Kilikuwa kifupi, bila maneno, mwendo wake wa polepole, ufunguo wake ule wa huzuni ambao wanamuziki huuita E maina.

"Bila ngoma, Baba," alimwambia. "Na usiguse kile kitufe chako."

Marcella, mama yake, alipokisikia kwenye simu aliweka mwiko chini. "Wee! Baba Winrose, utamwingiza mtoto wangu kanisani kama jeneza? Watu watasema tumefiwa!"

Moyoni Bundi alikubaliana naye kabisa. Akajaribu ujanja: akaharakisha mwendo, akakigeuza kiwe cha furaha, akatia ngoma kidogo. Kikawa kitamu ajabu! Winrose alisikiliza akiwa mlangoni, uso ukamshuka.

"Hicho sicho, Baba. Nafurahi kuolewa, lakini kutoka hapa kunaniuma. Nyimbo zetu zinasema furaha tu. Hiki kinasema yote mawili."

Jamani, mzee wa watu! Akaanza upya, kila jioni akishafunga duka, vidole vikijikwaa kama vya mgeni. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba baba ndiye humshika bibi arusi mkono hadi madhabahuni, na hakuna mwingine kanisani aliyekijua kipande hicho. Mkono ule ungeshikwa na Marcella. Lilimuuma sana jambo hilo, na hakumwambia mtu.

Siku ikafika. Akapiga sauti ya kwanza. Akina mama waliokuwa na vigelegele kooni wakavimeza. Mmoja akanong'ona, "Kwani kinanda kimeharibika?" Jasho likamtoka Bundi, kidole kikaanza kutambaa kuelekea kitufe cha ngoma.

Ndipo akamwona Winrose mlangoni, mkono wake mkononi mwa Marcella. Hakuwa akimtazama Gedion, alikuwa akimtazama yeye. Akapiga sauti, binti akapiga hatua. Baba alipochelewa, binti naye akachelewa. Alipongoja, naye akangoja, mguu juu kidogo. Bundi akaelewa kwamba kumbe ni yeye anayemleta. Kidole kikarudi mahali pake, na machozi akayaacha yashuke tu, mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

Kipande kikaisha binti akiwa hajafika hata katikati. Gedion akanyoosha mkono. Padri akafungua kitabu. Bundi akavuta pumzi, akarudi mwanzo, polepole kuliko mara ya kwanza.

Na Marcella, aliyekichukia kipande hicho kwa moyo wote, akaukaza mkono wa bintiye, naye akafupisha hatua.