Chokaa ya Solange

Chokaa nzuri, iliyochanganywa na mchanga, hupimwa kwa kidole. Solange Castaing hukichovya ndani ya pipa, hukitoa na kukitazama: ukucha ukifichika na mikunjo ya kidole ikaonekana, basi imeiva. Vigae huchovywa humo, hukaushwa, kisha hupangwa majini mwishoni mwa Juni ili mbegu za chaza zijishike, na baadaye zibanduliwe nzima pamoja na chokaa. Alifundishwa na baba yake, aliyemwachia pia vitalu vya chaza katika ghuba ya Arcachon. Vitalu hivyo ni vya serikali, kisichozaa hurudishwa.

Mwaka 1977 vigae vilitoka majini vitupu. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Chaza wakubwa walivimba magamba kama mipira, na ndani, badala ya nyama, mlikuwa na utelezi unaonuka. Watu wa Gujan, mji wake wa pwani, walitafuta wa kulaumu. Solange ndiye aliyewachanganyia chokaa majirani sita, kwa hiyo hawakuhangaika sana.

"Dada, umebadilisha mchanga," Lartigue, jirani yake wa vitalu, alimwambia gatini mbele za watu.

"Sijabadilisha kitu."

"Basi mkono umezeeka."

Watu walicheka. Mwaka wa tatu hakuna aliyempelekea kigae.

Naye akaanza kuamini. Alinunua chokaa ya kwingine, akachekecha mchanga mara mbili, akaosha pipa kwa siki.

Mdogo wake, Fernand, alikuwa akipaka rangi boti za matembezi za watu wa Bordeaux. Rangi ile mpya ilikuwa na sumu ya bati. Mwani na makombe havikuthubutu kushika chini ya boti. Masika ya 1976 alikuwa amemletea dada yake makopo mawili kwa ajili ya boti yake ya kazi.

"Hutainama tena kukwangua. Mgongo wako utaniombea dua."

"Wewe malaika, ila unanuka," Solange alimjibu, akamwongezea soseji.

Tangu hapo alimwomba aipake kila masika. Maji yalipokupwa, boti ililala kwenye matope, katikati ya chaza wake.

Mwaka 1981 barua ya serikali ilifika: vitalu vikiendelea kuwa vitupu, vitachukuliwa. Solange hakungoja. Vitalu alimwachia Lartigue, ambaye mapato ya duka lake la mvinyo yalimshikilia, pamoja na vigae elfu mbili alivyokwisha kuvipaka chokaa bila kupata moyo wa kuviteremsha majini. Akaenda kufungua chaza hotelini, chaza wa kutoka Brittany.

Januari iliyofuata serikali ilipiga marufuku rangi yenye sumu ya bati kwa boti zisizofika mita ishirini na tano. Fernand alikuja na gazeti.

"Wanasema ni rangi."

"Rangi gani?"

"Yetu."

Solange aliendelea kumenya viazi. "Ulijua?"

"Kopo lilikuwa na picha ya fuvu, dada. Lakini siku hizi ni kitu gani hakina fuvu?"

"Na mimi nikakuongezea soseji."

Vuli ya mwaka huo Lartigue alibisha hodi, kigae mikononi. Kilikuwa kimojawapo cha vile elfu mbili, kimejaa mbegu hadi rangi ya chokaa haionekani. Solange alikwangua kwa ukucha. Tabaka lilibanduka taratibu, mbegu zikiwa nzima juu yake, kama baba yake alivyotaka.

"Chokaa yako haikuwa na kosa," Lartigue alisema.

"Ungeyasema hayo gatini."

Lartigue alitazama viatu vyake. "Mwakani utanichanganyia?"

Amemchanganyia kila Juni tangu hapo. Vigae vikishapakiwa botini, yeye hubaki nchi kavu. Vitalu hajavikanyaga tena. Kisha huosha pipa kwa siki, ingawa anajua sasa kwamba pipa halikuwa na neno.