Epuyo Apeleka Mbuzi Lorugum kwa Miguu

Sitadanganya: sukari nyingi iliyomwingia Epuyo ilitoka mkononi mwangu. Mimi Sellah ni mtoto wa Mumias, nimekulia kwenye miwa, na nilipofungua hoteli yangu Lodwar sikujua kupika chai nyingine isipokuwa ile inayonata midomoni. Epuyo alikuwa dereva wa shirika fulani, kazi yake kupeleka watu na mizigo Kakuma na kurudi. Kila asubuhi alisimamisha gari mlangoni pangu, akanywa vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitano vya sukari, akashushia mandazi manne. Kutoka nyumbani kwake hadi kwangu ni hatua mia mbili, na hizo hatua alizipita akiwa amekaa.

Tumbo lake lilikuwa la heshima na nililisifu sana, maana mteja mnene ni tangazo la hoteli. Shingoni alikuwa na weusi uliomzidi hata yeye mwenyewe kwa weusi, wenye mikunjo mikunjo. Apua, mkewe, aliamini ni vumbi la barabara ya Kakuma. Jumapili kabla ya kanisa alimkalisha kwenye kigoda akamsugua kwa sabuni na dodoki mpaka mwanamume mzima anaomba msamaha. Weusi ulibaki pale pale.

Nikisema mkewe, nasema kwa kufupisha. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na minne na kupata watoto watatu, lakini harusi ya Kiturkana ilikuwa bado. Mifugo ya mahari haikuwa imetimia, na yule fahali ambaye bwana harusi humchoma mkuki mbele ya wakwe alikuwa hajachomwa. Mpaka siku hiyo ifike, watoto walihesabiwa kuwa wa boma la babu yao mzaa mama. Babu mwenyewe, mfugaji wa upande wa Lorugum, hakuwahi kulisahau jambo hilo. Kila Epuyo alipokwenda kumsalimia, mzee aliwaambia wanawake wapike chai yenye sukari ya kutosha, kwa kuwa mgeni amefika.

Mwezi wa Juni 2012 shirika likawapima wafanyakazi wake afya. Tabibu alikuwa Chelangat, mwanamke mpole ambaye hana haraka. Aliitazama shingo ya Epuyo kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Akampima kiuno kwa utepe, kisha damu kabla hajatia kitu kinywani. Sukari ikaonyesha sita nukta sita.

"Baba, hii bado si kisukari, lakini uko karibu," alimwambia. "Insulini ndiyo inaingiza sukari kwa misuli. Yako iko, tena nyingi. Shida ni mwili umeizoea, hauiskii tena. Hata huu weusi wa shingo unatokana na hiyo."

"Sasa itaskia aje?"

"Punguza sukari na unga, na utembee. Lakini wewe ni Mturkana, nitakufundisha kutembea mimi?"

Epuyo alikuja kwangu moja kwa moja, akakaa, akakigeuza kikombe chini juu. "Sellah, mimi nikikufa kabla ya ile ng'ombe, watoto itakuwa ya mzee," alisema. "Mimi itakuwa nilipita tu hapa."

Kwanza nilimkasirikia Chelangat. Nikasema matabibu wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Kisha macho yangu yakaangukia mkebe wa sukari, na kijiko changu kimesimama ndani yake, nikaona aibu kweli kweli.

Habari mbaya haina miguu lakini ilimfikia mzee Lorugum ndani ya wiki. Naye akatuma jibu kwa mwenye bodaboda: mbuzi wa mahari wakikamilika, harusi iwe baada ya mvua za mwaka ujao, lakini yasije malori. Bwana harusi awaswage mbuzi wake kwa miguu kutoka Lodwar, siku mbili, na fahali amchome mwenyewe. Asipoweza, asije. Binti yake hatampa mtu wa kubebwa.

Epuyo akaanza. Mandazi aliyaacha, nikawa namwekea samaki wa Kalokol na mboga. Chai aliinywa bila sukari, huku amekunja uso kama anayeng'olewa jino. Miezi mitatu ikapita, akapimwa tena: sita nukta tano. Alirudi amenywea. Mimi nilimwapia Chelangat kwamba kwangu hajaonja hata chembe.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Kakuma kununua sufuria, nikapanda gari lake. Tulipofika tu, akanipeleka sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mama Eugénie, Mkongo anayeuza chai.

"Chai yangu ile ya kila siku," Epuyo alisema, "bila sukari."

"Papa Epuyo, sukari hapana," Eugénie akajibu kwa unyenyekevu. "Miye niko natia maziwa tu."

Akachukua kopo, akamimina maziwa mazito ya rangi ya krimu hadi nusu ya kikombe. Nilichovya kidole. Watu wa Mumias hatudanganywi kwa utamu. Nikamuuliza Epuyo anakunywa vikombe vingapi akija Kakuma, akasema vitatu, wakati mwingine vinne, kwa sababu anaacha sukari na mwili unataka nguvu. Nilicheka mpaka nikashika meza. Eugénie alijishika kichwa, anaomba radhi kwa lugha tatu. Epuyo alikuwa ameduwaa tu. Kwa Mturkana kila kitu kinaweza kushukiwa, lakini si maziwa.

"Maziwa?" aliniuliza. "Sellah, hata maziwa?"

"Ya mbuzi wako hayana neno," nilimwambia. "Haya ya kopo yamepikwa na sukari."

Siku hiyo ndipo alipopata tumaini, maana alijua sasa kwamba mwili wake haukuwa umekataa kusikia, ila yeye ndiye aliyekuwa anaupigia kelele Kakuma. Gari akaanza kuliacha kazini. Mbuzi wa mahari walikuwa kwa kaka yake karibu na mto Turkwel, na miaka yote alikuwa akiwasalimia kwa honi. Sasa kila Jumamosi na Jumapili alivaa akala, viatu vyake vya tairi, akashika fimbo, akawachunga mwenyewe. Siku ya kwanza alirudi anachechemea na malengelenge, wanawe wakamwigiza mwendo uani. Siku za uchaguzi wa Machi, magari yaliposimama, alikuwa anatembea kutoka alfajiri hadi adhuhuri bila kutafuta kivuli. Mkanda wake tulishautoboa matundu mawili mapya kwa msumari wangu. Apua alisema shingo inatakata, tena bila dodoki.

Aprili akapimwa: tano nukta tatu. Chelangat alimpa mkono, akamwonya asirudi kwenye mandazi, maana mwili husahau haraka.

Mei, mbuzi walipotimia, tukaenda harusini. Mimi nilipanda pikapu pamoja na majani ya chai na magunia ya sukari ya wageni. Tukawapita njiani, vumbi tupu, Epuyo nyuma ya mbuzi wake. Nikamwambia apande kidogo, mzee hataona. Alinipungia fimbo bila hata kugeuka.

Siku ya pili jioni aliingia bomani. Mzee alimtazama kuanzia akala hadi shingoni, akasema "Ejok," yaani vyema, basi. Asubuhi Epuyo alimchoma fahali ubavuni, mkuki mmoja, mnyama akaanguka. Apua alilia waziwazi, nami nililia kumshinda yeye.

Kisha vikombe vikapitishwa. Kilipomfikia Epuyo nilishikwa na hofu, kwani nani anakataa chai ya mkwewe siku kama hiyo? Mzee akanyoosha mkono akakichukua kile kikombe. Akaita kibuyu cha maziwa ya mgando, akamshikisha Epuyo.

"Chai ni ya wageni," alisema. "Huyu ni wa hapa."

Epuyo alikunywa, wanawe watatu wamemzunguka. Kile kikombe nilipewa mimi. Kilikuwa kitamu mno, nikakimaliza chote.