Binti Niliyemfanya Daktari

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki nikaacha shule. Kwa hiyo binti yangu Neema alipokwenda chuo kikuu kusomea Kijerumani, sikuona faida yake. Kanisani Mbozi nikatangaza anasomea udaktari.

Likizo moja alinirekodi nikiongea Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, ailinganishe na Kijerumani. Siku ya kuwasilisha utafiti nilikwenda na Mzee Simbeye wa kanisani amwone “daktari” wangu, nikijua kwa Kijerumani hataambulia kitu.

Ikawashwa sauti yangu, Kinyiha kitupu, namwonya mke wangu siku ile nikidhani kinasa sauti kimeshazimwa: “Wa kanisani waache na udaktari wao. Kijerumani usikitaje!”

Simbeye akaangua kicheko. “Mwongo wewe!”

Neema akatafsiri, ukumbi mzima ukacheka.

Nikasimama. “Mwongo, ndiyo. Lakini huyo anayewafundisha ni wangu!”

Wakanipigia makofi.

Leo nina ekari sita za kahawa, nyumba mbili, lori moja Tunduma, na mwalimu wa Kijerumani.