Walivyomfanya Shangazi Kichekesho

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Enzi za Mjerumani, nilipokuwa binti wa shule ya misheni kule Akheri, mwalimu wetu alichukua hadithi ya bibi yangu akaifanya mchezo wa sikukuu ya mavuno, bila hata kumwomba.

Katika hadithi ya bibi, kijana anapanda mlimani kumdai joka mvua aliyoificha. Shujaa ni kijana, sikatai. Lakini anayeileta mvua ni shangazi yake, mwanamke kiwete anayemfuata polepole na jani la isale mkononi. Isale kwetu ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hata uwe na hasira ya kuua, hulikatai. Kijana keshamtukana joka. Shangazi anampigia magoti, na mvua inashuka. Bibi mwenyewe alikuwa na mguu mbovu tangu utotoni. Katika kusimulia, akifika kwa shangazi, sauti yake ilinyooka.

Mwalimu, mwana wa hapahapa, aliyekuzwa na ndizi za migomba yetu, akampa kijana mkuki amuue joka. Shangazi akaachiwa nini? Kuanguka. Aingie akichechemea, ajikwae, jani limtoke, kijana alikanyage apite zake. Na shangazi nilipangiwa mimi.

Nikamwambia, "Mwalimu, isale halikanyagwi."

"Hilo ni jani tu," akajibu. "Wageni wanataka kucheka kidogo."

Jani tu! Mama yake angemsikia.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku yenyewe bibi alikaa mstari wa mbele. Nikachechemea, nikaanguka, watu wakavunjika mbavu, Wazungu wakapiga makofi. Nami, mjinga mimi, kwa utamu wa kuchekewa nikainuka nikaanguka tena, jambo ambalo hata mwalimu hakuniagiza.

Bibi hakunigombeza. Siku chache baadaye wajukuu tulimzunguka jikoni, wadogo zangu wakaomba hadithi ileile. Akaanza vizuri. Alipotaja tu kwamba shangazi alitoka nyumbani, kabla hajapiga hata hatua, wakaangua kicheko.

"Bibi, sasa aanguke," wakamhimiza.

Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Malizia wewe," akasema. "Hadithi yako hiyo."