Lama Kati Yangu na Mama Mkwe

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane mama yake alipotoka Kenya kuja kutusaidia, hapa ughaibuni, mtaa wa Columbia Heights. Msaada wenyewe ukawa mgumu. Kwetu, mtu haketi na mama mkwe wake, hali chakula naye, wala hamtazami usoni. Na sisi tulikuwa na chumba kimoja na sebule. Nikirudi kutoka mtaa wa Shaw, nilikokuwa nikilinda maegesho ya magari, mama anajifungia chumbani na sahani yake. Mimi nami, ili apate kupumua, narudi kuketi ndani ya gari mpaka nasinzia.

Wiki ya pili akaomba kadi ya simu, awaambie wa nyumbani kwamba anarudi kabla mtoto hajazaliwa. "Siwezi kumfukuza mwanamume kwake," alimwambia mke wangu, naye akalia. Kusema haki, mama hakuwa na kosa. Mimi nilidhani sina.

Wenzake mke wangu kazini walikuwa wametupa zawadi ya matembezi ya mlimani, Virginia, pamoja na lama. Lama ni jamaa ya ngamia asiye na nundu, ana manyoya kama kondoo na uso wa mtu aliyekusikia ukimsengenya.

Tulipofika, mke wangu aliketi barazani na tumbo lake. "Nendeni tu. Mimi nawangoja hapa."

Mimi na mama tukaangalia miti. Nyumbani maneno yetu aliyapeleka mke wangu; sasa nani angetupelekea?

Mama wa Kizungu aliyetuongoza alitukabidhi lama mmoja, akatangulia na wageni wengine. Njia ya msituni ilikuwa nyembamba. Mama mbele na kamba, lama katikati, mimi nyuma. Nilichoona ni kilemba chake tu, juu ya masikio ya lama.

Tulipanda kidogo. Halafu nikasikia:

"Wewe lama, mwambie anayekufuata kuna mzizi hapa, asianguke."

Nikasita. Sikujua kama iliruhusiwa. Hata leo sina hakika. "Lama, mwambie mama nimeuona. Asante."

"Mwulize pia, mbona analala garini kama mlinzi?"

"Mwambie nampa mama nafasi."

"Ala! Na mimi najifungia kumpa yeye nafasi. Sasa hiyo sebule inakaliwa na nani?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Lama akasimama, akageuza shingo, akatema mate kando.

"Amechoka na maneno yetu," mama akasema, naye akicheka.

Huko juu tulikula chapati zake, yeye upande huu wa lama, mimi upande ule.

Jioni ile mama alifunga kamba sebuleni, akatundika leso mbili katikati.

"Mama, hiyo ni nini?" mke wangu akauliza.

"Lama."

Hakurudi Kenya. Mtoto alipozaliwa, alimpitisha kwangu chini ya leso, polepole.

"Lama," akasema, "mwambie baba yake amshike kichwa vizuri."