Mota ya Msagaji

Msagaji wa posho pale Bumula husoma gazeti akiwa amesimama, kila jina la nchi akiligonga kwa kidole cheupe cha unga. Nelima, aliyekalia gunia lake la mahindi akingoja zamu, amemzoea.

"Ujerumani ati wanafunga mitambo ya nyuklia. Ufini wanajenga mwingine. Uswidi walikataa, sasa wamegeuka," alifoka siku hiyo. "Wana stima mpaka wanachagua ya kukataa, bana."

"Na sisi tunangoja ya aina gani, mzee?"

Msagaji alifunika kwa gazeti lile mota ya stima aliyonunua nguzo za umeme ziliposimamishwa, unga usiiingie, kisha akazungusha hendeli ya injini ya dizeli hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwaka wa sita huo, na nguzo bado hazina waya.