Mkono wa Moelagi

Mtaani kwetu hapa ugenini, Logan, mimi ndiye pekee niliyepigwa marufuku kuingia jikoni kwa Moelagi, na sina kinyongo naye. Naoka mikate ya nazi ya kuuza, unga umenikaa hadi kwenye kope. Kwa hiyo nikimtembelea husimama nje ya dirisha lake, yeye ndani akimenya magimbi, mimi nje nikishika wavu, tukipiga soga kama mfungwa na mgeni wake.

Jiko linalindwa hivyo kwa ajili ya mama mkwe wake, Mama Fuatino, ambaye tumbo lake halipatani na ngano. Chembe tu inamlaza kitandani. Daktari alipoujua ugonjwa wake, bibi alikuwa amebaki mifupa ndani ya gauni. Moelagi akatupa mikate yote, akanunua sufuria mpya, akasugua makabati kwa maji ya moto, akajifunza kukaanga maandazi ya unga wa mchele na ndizi mbichi. Utotoni kule kisiwani kwetu Savai'i, mimi na yeye tulikuwa tukiyakimbia magimbi na samaki, roho zetu ziko kwenye biskuti za dukani. Huku ugenini ndiko alikoyarudia magimbi, tena kwa lazima. Bibi akarudisha mwili, mashavu yakajaa. Ila hakuthubutu tena kula kwa mtu mwingine, na Moelagi hakuwa tena wa kwenda mbali na jiko. Harusini anaondoka kabla ya ngoma, safari za kwaya anazisikia kwa wenzake.

Halafu mama mzazi wa Moelagi, kule kijijini Safotu, akaanza kuishiwa nguvu. Kila asubuhi, dada yake alimwambia kwa simu, mama anauliza kama ndege imefika.

"Shoga, kata tikiti," nikamwambia dirishani.

"Na bibi nimwachie nani?"

"Kwani hana mwana? Huyo Pesamino wako hana mikono?"

Mumewe akachomoza kichwa kutoka ukumbini, anacheka. "Nani kasema sina mikono? Mimi nimepanga mawe ya tanuri sijaota hata ndevu! Nyie wanawake mnadhani jiko mmelianzisha nyie?"

Hapo alisema kweli. Kwetu vijana wa kiume ndio huamka Jumapili kuwasha tanuri la mawe, na Pesamino ana mkono mzuri. Wakakubaliana: Jumapili yeye apike kila kitu, Moelagi akunje mikono atazame tu, na Jumatatu apande ndege. Moelagi akafunga uzi mwekundu kwenye kila kopo na chupa anayoruhusiwa bibi. Sijapata kumwona na furaha vile. Aliimba akikunja nguo, na alinionyesha gauni jeupe la kwendea kanisani na mama yake.

Jumapili yenyewe ikaanza vizuri. Magimbi yakaiva, samaki akaiva, na Pesamino akaandaa sapasui, nyama na tambi, maana bibi anaipenda kuliko kitu chochote. Tambi zilikuwa za choroko, hazina tatizo. Sosi ya soya ilikuwa ile chupa ndogo yenye uzi, inayouzwa duka moja tu la mjini.

Ibada ilipokwisha, mchungaji akasema mlangoni mwa kanisa kwamba leo atakula kwa Mama Fuatino, yeye na mkewe na wazee wawili wageni. Sasa, nani atamwekea mchungaji kisufuria kidogo? Pesamino akawahi nyumbani, akaongeza tambi, akaongeza nyama, akamimina chupa yote, na sapasui bado imepauka. Aibu gani hiyo mbele ya wageni! Akavuka barabara, akaazima chupa kubwa kwa jirani, akamimina mpaka sufuria ikapata rangi. Akaonja, akaridhika.

Bibi alipakuliwa pamoja na mchungaji, kama heshima yake inavyotaka. Alikula, akaomba tena, akamsifia mwanawe mpaka wageni wakapiga makofi. Moelagi, aliyekuwa akiwapepea wageni wasisumbuliwe na nzi, alikuwa anatabasamu. Alipopeleka sahani tupu jikoni ndipo akaiona ile chupa, kubwa, haina uzi.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa jirani. Sosi tu hiyo, mke wangu. Maji na chumvi. Unga uingilie wapi?"

Moelagi akaigeuza, akasoma maandishi. Sosi ya kawaida huchachushwa kwa soya na ngano. Aliiweka mezani taratibu akakaa chini, kwenye sakafu ya jiko, na gauni lake la kanisani.

Jua halijazama, bibi alikuwa anajikunja kwa maumivu. Gari la wagonjwa likaja. Hospitalini daktari akasema atapona, ni wa kupumzika na kula vizuri. Lakini walipoleta chakula, kisicho na ngano hata chembe, bibi akaugeuzia ukuta uso.

"Siweki kitu kinywani. Kama mwanangu wa kumzaa kaniumiza, nani tena nimwamini? Nitamngoja Moelagi."

"Mama, mimi kesho nasafiri," Moelagi akasema.

"Nenda, mwanangu. Nenda ukamwone mama yako. Mimi nitangoja tu."

Na aliyasema kwa moyo safi, hilo ndilo linaloniumiza. Pesamino naye akasema, "Nenda, mke wangu," ila alisema akitazama viatu vyake. Hakuna aliyemzuia. Mimi, niliyekuwa nimewafuata hospitalini, nikamvuta mkono hadi nje ya chumba.

"Panda ndege! Njaa ikimshika atakula, nakwambia!"

"Na asipokula?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikaikumbuka ile mifupa ndani ya gauni, nikauachia mkono wake. Bado naona hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Ndege ikaruka bila yeye. Kabla ya Jumapili nyingine, mama yake akafariki. Maziko aliyaona kwenye simu, ameiegemeza kwenye kopo la unga wa mchele, huku anakoroga uji, kwa kuwa saa ya bibi kula ilikuwa imefika. Mimi nilikuwa nje dirishani, nimeushika wavu kwa mikono yote miwili. Gauni jeupe alikuwa amelivaa.

Bibi akaingia na mkongojo wake, akatazama jeneza likishushwa, akalia machozi ya kweli. Akamkumbatia mkwewe kwa nyuma.

"Pole, mwanangu, pole sana. Mama yako ameondoka, lakini mimi nipo. Nakuapia mbele ya Mungu, mpaka nami nishushwe hivyo, sitakula kwa mkono wa mtu mwingine ila wako."

Moelagi akainua macho, akanitazama kupitia kwenye wavu.

"Asante, mama," akasema, kisha akapunguza moto, maana uji ulikuwa unaanza kushika chini.